Bibi Makrina na Wajukuu Wake

Katika somo la mwezi huu tumependa kuzungumza juu ya bibi, au nyanya kama wasemavyo ndugu zetu wengi wa Kenya. Katika Kiyunani cha Agano Jipya neno hilo, kwa maana ya mama wa mzazi, limeandikwa mara moja tu, pale Mtume Paulo anapomkumbusha Timotheo habari za Loisi (2 Timotheo 1:5). Someni pia Matendo 16:1 mpate kuiona nyumba ile ilivyokuwa: baba Myunani, mama Myahudi aliyeamini, na kijana kati yao. Habari za Loisi zinaishia hapo. Lakini yuko bibi mwingine ambaye wajukuu wake wenyewe walimwandika, na huyo ndiye tunayetaka kumtazama: Makrina wa Neokaisaria.

Neokaisaria ulikuwa mji wa Ponto, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Siku hizi unaitwa Niksar, nao umo katika Uturuki. Jina la Ponto wasomaji wetu wanalijua kutoka 1 Petro 1:1. Askofu wa mji ule zamani alikuwa Gregori, aliyepewa jina la Mtenda Miujiza, naye alifariki kama mwaka 270. Husimuliwa kwamba alipoanza kazi aliwakuta Wakristo 17 tu mjini, na alipokufa waliobaki wapagani walikuwa 17. Hesabu hiyo imelingana mno, wala hatumlazimishi mtu kuikubali. Jambo lililo hakika ni kwamba maneno ya askofu huyo yaliendelea kurudiwa katika mji ule hata baada ya kifo chake, na Makrina aliyapokea akayashika kwa moyo.

Ndipo ikaja dhiki. Mwanzoni mwa karne ya nne, kabla ya Wakristo kupewa uhuru wao mwaka 313, watawala wa Kirumi waliwatesa waumini wa mashariki kwa ukali. Makrina na mumewe walikuwa watu wenye mali. Mali ile wakanyang'anywa kwa sababu ya kumkiri Kristo. Wakakimbilia misitu ya milima ya Ponto pamoja na watu wachache, wakaishi huko kama miaka saba, mvua yao na baridi yao. Gregori wa Nazianzo, akimsifu rafiki yake Basili aliyekuwa amefariki, alisimulia kwamba wakimbizi hao walitamani nyama, wakamwomba Mungu, na mara kulungu wanono wakatokea wenyewe bila kufukuzwa. Atakaye kucheka na acheke. Sisi twadhani tunaisikia humo sauti ya bibi akiwasimulia wajukuu jioni, na wajukuu wakiuliza, "Walikuwa wangapi, Bibi? Hawakuogopa?"

Dhiki ilipokwisha walirudi. Mtoto wao wa kiume akamwoa Emelia, msichana aliyekuwa yatima wa baba na mama. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa alikuwa wa kike, naye akaitwa Makrina kwa jina la mama yake baba. Desturi hiyo haitakuwa ngeni kwa wasomaji wetu. Hata leo Wakikuyu humwita binti wa kwanza kwa jina la mama wa baba, na pwani mtu mwenye jina lako humwita somo. Tunaomba akina mama waliangalie jambo hili vizuri: Emelia alikuwa mkaza mwana, naye Makrina alikuwa mama mkwe. Ni mara ngapi tumesikia katika mitaa yetu kwamba wawili hao hawapikiki chungu kimoja! Kumbe katika nyumba hii imani ilipita kwa mama mkwe, ikapokelewa na mkaza mwana, ikafika kwa watoto. Kama Emelia angemfungia bibi mlango, sijui Kanisa lingekosa nini.

Maana wajukuu wale ni watu wakubwa katika historia ya Kanisa. Basili alikuwa Askofu wa Kaisaria ya Kapadokia tangu mwaka 370. Gregori alikuwa Askofu wa Nisa. Petro, kitinda mimba, alikuja kuwa Askofu wa Sebaste. Na Makrina mjukuu, ambaye hakuolewa, ndiye aliyewashinda wote kwa uthabiti. Basili aliporudi kutoka shuleni na majivuno ya msomi, dada huyu alimweleza ukweli mpaka akanyenyekea. Petro hakupata kumjua baba yake, kwa hiyo dada akamlea na kumfundisha yeye mwenyewe. Gregori alipoandika habari za maisha yake hakuona aibu kumwita mwalimu wake.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kama mwaka 375 Basili alikuwa amechafuliwa jina. Eustathi, Askofu wa Sebaste, aliyekuwa rafiki na kiongozi wake wa zamani, alimgeuka. Watu wa Neokaisaria, mji wa bibi yake, walisikia uvumi kwamba imani yake imepotoka, wakamkwepa. Basili alikuwa amesoma Athene, alijua kubishana kama wanafalsafa, na vitabu alikuwa navyo. Alipowaandikia watu wa mji ule alimtaja shahidi wao wenyewe: Makrina, mwanamke wa kwao, aliyemfundisha tangu utoto maneno ya askofu wao Gregori jinsi alivyoyahifadhi katika kumbukumbu. Katika barua nyingine ya kujitetea juu ya Eustathi alisema kwamba aliyofundishwa juu ya Mungu na mama yake na bibi yake hakuyabadilisha alipokuwa mtu mzima. Yalikua tu ndani yake kama mbegu inavyokua, bila kugeuka kuwa mmea wa namna nyingine.

Hebu tupime jambo hilo. Tangu kifo cha askofu yule mpaka barua ya Basili ilipita zaidi ya miaka 100. Katikati yao yupo mwanamke mmoja ambaye hatuna hata mstari mmoja alioandika kwa mkono wake. Wajukuu wangenyamaza, sisi tusingejua kwamba aliishi.

Ndiyo maana tunawauliza wasomaji juu ya wasifu wa marehemu usomwao katika mazishi yetu. Twausikia kila mara. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata Kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto wanane, ameacha wajukuu 31 na vitukuu 12. Kisha karatasi inakunjwa. Hesabu hizo ni njema, wala hatusemi ziondolewe. Lakini hao 31 walifundishwa nini naye? Ni sala gani aliyowaombea wakienda kulala? Alimkatalia nani uongo, akamsamehe nani, naye akiwa na haki ya kukasirika? Siku hizi wengi wa watoto wetu wanalelewa na bibi, wazazi wakiwa mjini katika kazi au wamekwisha kufariki, na bibi ndiye anayewaamsha Jumapili asubuhi na kuwachana nywele waende kanisani. Huyo naye akifa, twasoma idadi.

Wasiodhani kuwa bibi aweza kuanzisha jambo na wamkumbuke Mary Sumner, mke wa padri katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza. Mwaka 1876 binti yake mkubwa alipokuwa amepata mtoto, Mary alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoogopa mzigo wa ulezi wakati wake, akawaita akina mama wa parokia. Siku ya kwanza alishindwa kusema kwa hofu, akawaomba warudi juma lijalo. Kutoka hapo ukatoka Umoja wa Akina Mama tulio nao mpaka leo.

Kwa mkutano ujao tunaomba kila nyumba ilete daftari, la shule latosha. Walio na bibi hai wamwendee kabla ya siku hiyo, wamwulize maneno aliyofundishwa naye na bibi yake, wayaandike kama atakavyoyasema, kwa lugha ya nyumbani ikiwa ndiyo asemayo. Ambao bibi zao wamelala wakae pamoja ndugu wote, kila mmoja aseme analolikumbuka, msishangae mkipishana. Vijana waandike, maana macho yao yaona vizuri. Masomo ya kutangulia ni 2 Timotheo 1:1-7 na 3:14-17, na Zaburi ya 78, aya 1 hadi 8. Kalenda ya Kanisa la Uingereza humkumbuka Basili tarehe 2 Januari, na Gregori wa Nisa pamoja na dada yake Makrina tarehe 19 Julai.