Pareto: Lijue Ua Lililo Tayari Kuchumwa

Wakulima wa sehemu za baridi, kama Molo, Kinangop na Kisii, wanalijua ua la pareto: petali nyeupe pembeni na kiini cha manjano katikati. Mpita njia akiona shamba zima limekuwa jeupe husema, "Shamba hili linapendeza kweli!" Lakini mwenye shamba hana budi kujiuliza kama hakuchelewa kuchuma.

Pareto hailimwi kwa uzuri wake. Asili yake ni pwani ya Dalmatia huko Ulaya, nayo ililetwa Kenya katika miaka ya 1920. Ndani ya ua mna dawa ya kuua wadudu iitwayo pairethrini. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za dawa hiyo zimo katika vijimbegu vichanga vilivyo ndani ya kiini. Petali zina dawa kidogo tu, na bua halikadhalika. Maua yakipimwa dawa, weupe wake haukuongezei hata senti moja.

Jinsi ya kulitambua

Kitazame kiini kwa makini. Utaona kuwa kimefanywa na vijiua vingi vidogo, navyo hufunguka kwa safu kutoka pembeni kuelekea katikati.

1. Petali zikiwa bado zimesimama na vijiua vimefumba, liache. Dawa haijatosha.
2. Petali zikiwa zimelala, na safu tatu au nne za vijiua zimefunguka, lichume.
3. Kiini kikiwa cha kahawia na petali zimenyauka, umechelewa. Usilichanganye na maua mazuri.

Maua hayakomai yote pamoja. Kwa hiyo, wakati wa maua mengi, pita shambani kila baada ya wiki mbili hivi. Shika ua katikati ya vidole na ulikate kwa kidole gumba, bila bua.

Kukausha

Ngoja umande ukauke kwanza. Tumia kikapu, si mfuko wa plastiki, wala usiyashindilie maua, kwa sababu yakipata joto yataoza na dawa itapotea. Yaanike siku ile ile, yakiwa yametandazwa kwa wembamba juu ya kichanja, mbali na udongo. Mvua ikitishia, yaingize ndani mara moja. Ua lililokauka vizuri, ukilisugua kwa vidole, kiini chake huvunjika-vunjika. Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu.

Jambo la kukumbuka

Kenya iliwahi kuongoza dunia nzima kwa pareto. Baada ya mwaka 2000 mavuno yalianguka sana, kwa sababu wakulima walicheleweshewa malipo, na wengi wakang'oa pareto wakapanda mazao mengine. Basi kabla ya kupanda, muulize mnunuzi atalipa lini na kwa kipimo gani, na kila uuzapo tunza hati yako. Kazi ya mikono yako isipotee shambani, wala isipotee sokoni.

Maswali ya kujipima

1. Dawa imo katika sehemu gani ya ua?
2. Kwa nini shamba jeupe kabisa laweza kuwa dalili ya hasara?
3. Utajuaje kuwa ua limekauka?