Masanduku ya Bahati, na Kujaribu kwa Mfano Kabla ya Kutoa Mali

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa katika michezo ya kompyuta wanayocheza vijana wa zama zetu mna kitu kiitwacho sanduku la bahati. Mchezaji hutoa fedha ya kweli apate kulifungua, wala hajui kilichomo mpaka amekwisha lipa. Bei yajulikana, kinunuliwacho hakijulikani. Walimu wetu wa fiqhi walipotufahamisha biashara ya gharari walitupigia mfano wa samaki aliye baharini, na leo samaki huyo yumo ndani ya simu ya mtoto. Hatta katika nchi zisizofuata fiqhi jambo hili limetiliwa shaka: mwezi wa Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilihukumu kuwa masanduku ya michezo mitatu, mmojawapo Counter-Strike: Global Offensive, ni kamari kwa sheria ya nchi ile.

Basi wako watu waliotengeneza programu za kuigiza ufunguzi huo bure. Husema: jaribu kwanza kwa mfano, ndipo utoe mali. Nami naona shauri hili lina nafuu, walakini kwa yule anayejaribu na kalamu mkononi.

Mwaka 2017, Uchina ilipowalazimisha wenye michezo kutangaza nafasi ya kupatikana kila kitu, zilidhihirika hesabu za masanduku ya Counter-Strike. Katika kila 100, vitu vya rangi ya buluu ni 79.92, vya zambarau 15.98, vya waridi 3.20, vyekundu 0.64, na vya dhahabu 0.26. Hivi vya dhahabu aghalabu ni visu, navyo ndivyo vitamaniwavyo (visu hivyo havikati hatta kitunguu, ni picha tu, ijapokuwa huuzwa ghali). Maana yake, kwa wastani, ni kisu kimoja katika masanduku 385. Na ufunguo wa kila sanduku ni kama dola 2 na nusu za Kimarekani. Wakifungua watu 100, kila mmoja masanduku 100, watu kama 77 wataondoka bila kisu, na kila mmoja wao ametoa dola 250.

Kijana mmoja wa mtaa wetu alinijia kwa furaha akasema, "Maalim, nimejaribu kwa mfano, na sanduku la 31 limenipa kisu. Nadhani nina bahati." Naye alikuwa na ada ya chuo aliyopewa na mjomba wake.

Sikumkemea. Nilimwuliza kwanza kama programu yake yafuata hesabu zile zilizotangazwa, kwani kionjo cha bure si lazima kiwe sawa na kinachouzwa. Watafiti wa Canada walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wao wa tovuti za kamari, wakaeleza ya kuwa baadhi ya hizo humlipa mchezaji zaidi ya alichoweka wakati wa kujaribu bure, na akiingia kwa fedha yake hali haiwi vile. Tukatazama, tukaona ya kwake yafuata hesabu sawasawa.

Nikamwambia, "Mwanangu, lete daftari. Usiishie penye furaha. Endelea hatta masanduku 400, na kila ufunguapo andika ulichopata, na kando yake dola 2 na nusu, kana kwamba zimetoka mfukoni mwako."

Aliketi barazani baada ya alasiri. Mwanzo alikuwa akicheka; alipofika 150 alinyamaza; penye 300 akauliza kama yatosha. Nikasema haijatosha. Jumla ikawa hivi: buluu 319, zambarau 66, waridi 12, nyekundu 2, na kisu ni kile kile cha 31. Upande wa fedha ulisoma dola 1,000. Na vile vya buluu, karibu vyote thamani yake haifikii bei ya ufunguo uliovitoa.

Alilitazama daftari kitambo, kisha akasema, "Maalim, nimekosa mara 369 mfululizo. Je, la 401 halijakaribia kuwa kisu?"

Nikamjibu, "Sanduku halina kumbukumbu. La 401 ni 0.26 katika 100, kama lilivyokuwa la kwanza."

Akatoa ile ada katika bahasha, akaniomba nimwekee mpaka siku ya kulipa.