Shuka Kisumu Siku Isiyo na Siasa

Ukikaa Soin huku Kericho, Kisumu iko karibu kuliko Nakuru. Hata hivyo wapo watu wazima hapa kwetu walioiona mara moja tu, tena wakipeleka mgonjwa hospitali ya Russia. Waulize mbona hawajarudi kutembea, watakwambia kule ni mawe na vitoa machozi. Juu huko kwenye chai ni vivyo hivyo: mtu atakusimulia mtaa wa Kondele saa nzima na hajawahi kuikanyaga.

Sifa hiyo haikuzuka hivi hivi. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, hiyo hiyo Russia. Akarushiana maneno hadharani na Jaramogi Oginga Odinga, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa; wenyeji wanahesabu wengi zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka yaliporwa na kuchomwa katikati ya mji, na Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo ikaja kueleza kwamba wengi waliokufa Kisumu waliuawa kwa risasi za polisi. Kwa hiyo walioumia ni wakazi wenyewe, si wageni waliokuja kula samaki. Na sisi wa Kericho tusijitie usafi. Miezi ile ile wafanyakazi walitimuliwa kwenye mashamba yetu ya chai, na sijasikia mtu akisema Kericho haiendeki.

Basi jambo la kwanza ni kalenda. Epuka wiki ya uchaguzi, siku Mahakama ya Juu inasoma uamuzi wa kesi ya urais, na siku yoyote ambayo maandamano yametangazwa. Mambo haya hujulikana mapema. Usitegemee video za simu, maana ile ya ghasia za 2017 husambazwa tena kila mwaka kama ya asubuhi ya leo. Muulize dereva wa matatu. Yeye hachomi mafuta kwenda kukuta barabara imefungwa. Ukisikia kuna mvutano wa ng'ombe upande wa Sondu, pita Awasi. Siku nyingine zote, na ndizo nyingi, Kisumu ni mji wa watu wanaotafuta riziki, na mgeni ni mteja.

Njia ni rahisi. Ukipandia Kipsitet, matatu za kutoka Kericho nyingine hufika zimejaa, kwa hiyo toka mapema. Chai umeiacha mgongoni, miwa inaanza, kisha Awasi, Ahero na mashamba yake ya mpunga, na Uwanda wa Kano mpaka mjini. Miezi ya mvua kubwa, Machi hadi Mei, uliza kwanza habari za Mto Nyando, kwa sababu ukifurika unatapakaa mpaka mashambani na barabarani. Sweta iache nyumbani. Kericho mjini ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Kisumu ni kama 1,130, tofauti ambayo mtu wa Soin ataivumilia lakini shemeji yake wa Bomet atatokwa jasho hadi kwenye soksi. Malaria nayo si mchezo. Aliyekulia kwenye baridi ya chai kinga yake ni ndogo. Akilala huko alale ndani ya neti, na homa ikimshika hata wiki mbili baadaye, amwambie daktari kwamba alikuwa ziwani.

Mjini utazungukwa na tuktuk. Mwambie dereva kabla hujaketi kama unakodi yote au unalipia kiti kimoja, la sivyo mtabishana mkifika. Atakuita omera, ni ndugu tu, usishtuke. Asubuhi salimia kwa Kiluo, "oyawore," ukihudumiwa sema "erokamano," na jina lako la Cheruiyot au Chepkoech ulitaje bila kunong'ona. Wengi watakuuliza tu kama umewaletea majani chai.

Ikiwa ni Jumapili, anza Kibuye, soko la wazi lililo kwenye barabara ya kwenda Kakamega: mitumba, vitanda, masufuria, kuku, vyuma. Kwa siku nyingine ningeanzia jumba la makumbusho, lililofunguliwa 1980. Watoto watakimbilia nyoka na kobe, waache. Wewe nenda kwenye boma la Kiluo lililojengwa mle ndani. Nyumba ya mikayi, mke mkubwa, inatazama lango. Wake wengine wamepangwa kulia na kushoto kwake. Na karibu na lango kuna simba, kibanda cha kijana wa kiume. Mzee yeyote wa Kipsigis akiliona boma hilo atapata la kusema, na akisema mbele ya mwongozaji mtapata mazungumzo ambayo tiketi haikuyalipia.

Bandari yenyewe utaridhika kuiona kwa mbali. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa 20 Desemba 1901, enzi mji ukiitwa Port Florence, na kwa miaka mingi mizigo ya Uganda iliteremshwa kwenye mabehewa na kupakiwa melini. Bandari ilidorora vibaya, kisha 2019 meli ya MV Uhuru ikarudi majini. Karakana ya meli iko chini ya Wizara ya Ulinzi, kwa hiyo usitoe simu kupiga picha bila ruhusa. Hifadhi ya Impala iko kando ya ziwa, ni ndogo, ya saa moja. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hupitia eCitizen, hivyo uwe na pesa kwenye simu.

Sehemu kubwa ya siku ipe Dunga, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji. Ukitaka mtumbwi, panda asubuhi, kwa sababu alasiri mawingu hukusanyika juu ya ziwa na upepo hugeuka. Patana bei ya mtumbwi mzima, si ya kila kichwa. Vaa jaketi la kuokolea, funga vifungo vyake vyote, na kama hakuna majaketi ya kutosha shuka, hata kama wenzako wanacheka. Kuna siku gugumaji linasukumwa na upepo mpaka linafunga ufuo. Siku hiyo tembea tu kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mafunjo. Humo anaishi ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano, ambaye nje ya mafunjo humpati. Majini usiingie hata kuosha miguu: kichocho kipo, na viboko pia.

Kabla ya kutembea, agiza samaki, maana hupikwa ukisubiri na kusubiri kwenyewe si kwa dakika kumi. Chagua mwenyewe. Jicho liwe angavu na limetokeza, mashavu yakifunuliwa yawe mekundu, na ukibonyeza nyama kwa kidole irudi. Uliza ni wa ziwani, wa vizimba au wa barafu. Ngege (tilapia) wengi wa barafu wanatoka Uchina, na si kosa kuwala, lakini usilipie bei ya ziwani. Ngege mzima akaangwe kwanza, kisha achemke kidogo kwenye nyanya na kitunguu. Kijiko weka kando. Wengi wetu hatukukulia kwenye samaki, na mifupa ndiyo inayotutisha: anzia mgongoni, vuta nyama ukifuata mfupa kutoka kichwani kwenda mkiani, ipapase kwa vidole kabla ya kuitia mdomoni, na matonge ya ugali yawe madogo. Kichwa ni cha mwisho. Ukikiacha, mama aliyepika atadhani hukupenda chakula.

Machweo ya Dunga yanasifiwa, na kwa haki, lakini yanagongana na matatu za kurudi. Ama ulale, ama saa kumi uwe stendi. Mimi ningelala.

Samaki wa kubeba nyumbani, mwambie muuzaji amtoe matumbo, amtie barafu na kumfunga kwenye mfuko zaidi ya mmoja, maana maji ya samaki yakidondokea mguu wa abiria utasikia habari zako mpaka Kaitui. Omena (dagaa) ni rahisi zaidi. Wachache wakande kiganjani: waliokaushwa juu ya neti huacha magamba tu, waliotandazwa chini huacha mchanga. Ukiona mchanga, nenda meza ya pili.