Mlingoti wa Antena na Waya wa Ardhi

Katika kata zinazopakana na Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi kuliko sehemu nyingine nyingi za Afrika, mlingoti wa antena ya intaneti au ya televisheni uliosimamishwa juu ya paa hauna budi kuunganishwa na ardhi. Kazi hiyo huachwa mara nyingi kwa sababu moja: mawasiliano hupatikana hata bila waya wa ardhi, na mwenye nyumba haoni upungufu wowote hadi siku ya mvua.

Mahali pa mlingoti huamuliwa kwanza. Umbali wake na nyaya za umeme uzidi urefu wa mlingoti wenyewe kwa mita 3 au zaidi, ili hata ukianguka usizifikie. Bomba la chuma likigusa waya wa umeme humuua anayelishika. Kwa hiyo lisiinuliwe na mtu mmoja, wala wakati wa upepo.

Kutoka kwenye mlingoti hushushwa waya wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi yenye urefu wa takribani mita 2.4, iliyopigwa ardhini. Waya huo upite nje ya nyumba, kwa njia fupi iliyonyooka. Umeme wa radi huongezeka kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba kila mita ya waya inaweza kuzaa maelfu ya volti, na penye kona kali umeme huruka kutafuta njia nyingine. Rangi na kutu zikwanguliwe mahali kibano kinapokaza.

Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea ni kuacha fimbo mbili zisizoungana. Nyumba yenye umeme tayari ina ethi yake. Fimbo ya antena ikibaki peke yake, radi inapopiga huzuka tofauti kubwa ya volti kati ya fimbo hizo, nao umeme hupita ndani ya nyumba, kwenye rauta na runinga. Ziunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ganda la chuma la kebo nalo liunganishwe na ethi hiyo hiyo kabla ya kebo kuingia ndani. Kebo ilegezwe kidogo kuelekea chini mbele ya tundu la ukuta, maji ya mvua yadondokee nje.

Mpangilio huu hauzuii radi. Pigo la moja kwa moja laweza kuharibu vifaa hata hivyo. Ngurumo zikianza kusikika kwa mbali, kebo na plagi zichomolewe mapema, na mvua ya radi ikishafika asiziguse mtu.