Printa Yako Inaomba Kusasishwa: Tazama Umeme Kwanza

Ofisi nyingi ndogo hutegemea printa moja. Siku kioo chake kinapoandika kwamba kuna toleo jipya la programu dhibiti, nani abonyeze? Fundi anajibu maswali ya wafanyakazi wa ofisi za Kibenga, Bujumbura.

Fundi, hiyo programu dhibiti si ndiyo tunayoweka kwenye kompyuta?

Hapana. Ya kwenye kompyuta hupeleka kazi tu. Programu dhibiti imo ndani ya printa yenyewe. Ndiyo inayoamuru karatasi ivutwe, wino utoke na mtandao ushikwe.

Mbona yetu inachapa vizuri? Tuiguse ya nini?

Kwa sababu ya usalama. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walionyesha kwamba faili la kuchapwa tu lilitosha kubadilisha programu dhibiti ya baadhi ya printa za HP LaserJet. Desemba mwaka huo HP ikatoa marekebisho. Asiyesasisha alibaki na tundu lile lile.

Umeme ukikatika katikati?

Hapo ndipo printa nyingi hufia. Programu ya zamani imeshafutwa, mpya haijaandikwa yote. Ukiwasha, taa zinamemeta na kioo kiko kimya. Usitegemee ondulea (UPS) ndogo ya kompyuta kwa printa ya leza: sehemu inayoyeyusha tona huvuta umeme mwingi ikipata moto, na ondulea hulemewa. Tumia jenereta iliyotulia, yenye mafuta ya kutosha. Printa ya wino haina makuu, ondulea huibeba.

Sisi hununua katriji za bei nafuu. Kuna hatari?

Ipo. Tarehe 13 Septemba 2016 printa kadhaa za HP OfficeJet zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine, kwa sababu ya agizo lililokuwa ndani ya programu dhibiti. Wateja walikuja juu, na mwezi huohuo HP ikaomba radhi, ikaahidi toleo la hiari la kuondoa kizuizi. Vizuizi vya namna hiyo bado vipo. Soma maelezo ya toleo kabla ya kubonyeza, maana kurudi nyuma mara nyingi hakuruhusiwi.

Basi tuanzie wapi?

Chapa ukurasa wa taarifa za printa, usome jina kamili la modeli na namba ya toleo. Pakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji pekee. Herufi moja ya modeli ikitofautiana, acha. Unganisha kwa kebo ya USB, wenzako wasitume kazi. Ukishaanzisha, usizime hata kioo kikinyamaza kwa dakika kadhaa. Printa ikijiwasha upya, chapa ukurasa ule tena, ulinganishe namba.

Na kama siku hiyo umeme unakuja na kuondoka, ahirisha. Toleo jipya litakungoja hadi kesho. Printa iliyokufa haitachapa hata barua ya kumwita fundi.