Alama 5 kwa 20: Jinsi ya Kujifunza kutokana na Karatasi Uliyoanguka

Katika shule moja ya upili kaunti ya Migori nilirudisha karatasi za mtihani wa mwigo. Msichana aliyekuwa amekisoma kitabu mara mbili alikuwa amepata alama 5 kwa 20. Aliikunja karatasi akaificha ndani ya dawati. "Mwalimu, Kiswahili kimenikataa," akasema. Nilimwomba aitoe tuisome pamoja.

Swali lilikuwa: Fafanua athari za ulevi katika tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)

Alikuwa ameandika hivi: "Yona alikuwa mwalimu. Alioa mke aitwaye Sara. Yona alipenda pombe..." Akaendelea hivyo kurasa mbili. Aliyoyasema ni kweli, lakini alisimulia hadithi badala ya kujibu swali. Mtahini anaijua hadithi. Anatafuta hoja na ithibati. Tukaandika upya:

Hoja: Ulevi husababisha mtu kupoteza kazi.
Ithibati: Yona, aliyekuwa mwalimu, anapoteza kazi yake kwa sababu ya pombe.

Hoja: Ulevi huzua vurugu katika ndoa.
Ithibati: Yona anampiga mkewe Sara.

Tanbihi: habari ni zile zile; kilichobadilika ni mpangilio. Msichana yule hakukosa akili wala bidii. Alikosa jina la kosa lake.

Kosa la mwenzako huenda si lako. Mvulana mmoja wa Homa Bay alijibu swali la kwanza vizuri sana, ila alilitumia saa nzima. La nne akaliacha tupu. Kumwambia "soma zaidi" kusingemsaidia. Alihitaji saa. Karatasi ya 102/3 ina maswali manne kwa saa mbili na nusu, yaani takriban dakika 35 kwa kila swali, ukibakisha muda wa kupitia majibu.

Hatua za kufuata

1. Subiri hasira na aibu zipoe, lakini usivuke juma moja.
2. Pigia mstari kitenzi cha swali: eleza, jadili, linganisha, thibitisha. Je, ulifanya ulichoagizwa?
3. Kando ya kila sehemu uliyopoteza alama, andika sababu: nilisimulia, sikutoa mfano, nilirudia hoja, sikulielewa swali, muda uliniishia, sikusoma sehemu hiyo.
4. Hesabu sababu hizo. Inayojirudia zaidi ndiyo ya kushughulikia kwanza.
5. Baada ya siku tatu, jibu swali lilo hilo bila kitabu, kwa dakika 35. Mpe mwalimu au mwenzako asahihishe.

Mvuvi wa Mbita wavu wake ukitoboka haukunji na kuuficha. Huutandaza ufuoni, akatafuta palipokatika, akapashona. Wahenga walisema, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kuanguka mtihani wa mwigo kunauma, lakini ni heri tundu ulione sasa, ungali na muda wa kulishona, kuliko kulikuta kwenye KCSE.

Zoezi

Chukua karatasi yako ya mwisho ya fasihi.
(a) Taja kosa lililokupotezea alama nyingi zaidi. (alama 2)
(b) Andika upya hoja tatu, kila moja na ithibati yake. (alama 6)