Akikuambia Njoo Jumatatu Tukuanzishie Uchungu

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba wiki 39 zimetimia, mtoto anacheza vizuri, na daktari wako amekutaka ufike Jumatatu asubuhi na begi lako akuanzishie uchungu. Unamwamini tangu mimba ikiwa changa. Anakujua kwa jina, simu anapokea mwenyewe, na katika hospitali yake hiyo ndogo daktari wa wanawake ni yeye peke yake. Unataka kujua ukubali au ukatae. Kadi yako sijaiona, kwa hiyo hilo siwezi kukuamulia. Yapo maswali, hata hivyo, ambayo nataka umuulize wiki hii ukiwa umeketi mbele yake, kabla hujalala kitandani na dripu mkononi.

Muulize kwanza kwa nini. Presha imepanda? Una kisukari cha mimba? Mtoto haongezeki tumboni? Chupa imepasuka na uchungu hauji? Hizo ni sababu za kweli, na nyingine hazina subira. Mimba iliyopitiliza nayo ni sababu: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aliyetimiza wiki 41 aanzishiwe, kwa kuwa kadiri siku zinavyozidi ndivyo hatari ya mtoto kufia tumboni inavyopanda.

Tuseme wewe una 39 na huna tatizo lolote. Hata hapo si lazima iwe vibaya. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao ARRIVE, wa wanawake zaidi ya 6,000 wenye mimba ya kwanza isiyo na shida. Walioanzishiwa wiki ya 39, asilimia 18.6 walijifungua kwa upasuaji. Walioachwa wasubiri, asilimia 22.2. Kwa hiyo shoga akikutisha kwamba ukianzishiwa tu umeshaandikiwa kisu, msikilize kisha mwache. Ila kumbuka kwamba wanawake wale umri wa mimba zao ulikuwa umethibitishwa kwa ultrasaundi za mapema. Ya kwako ilipimwa lini? Kipimo cha miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache tu, cha mwezi wa nane au wa tisa kinaweza kukosea hata wiki tatu. Kama tarehe yako ya matazamio imetoka kwenye kipimo cha juzi, hizo 39 huenda ni 36, na mtoto wa wiki 36 anaweza kuzaliwa akahangaika kupumua.

Pengine atakwambia ukweli kwamba Jumatano anasafiri na hataki uzae yeye hayupo. Namheshimu daktari anayesema hivyo waziwazi. Lakini ikiwa hiyo ndiyo sababu pekee, akukabidhi kwa mwenzake na mwili wako uachwe uanze wenyewe.

Sasa nikwambie kinachonifanya nikuandikie kwa urefu. Kuanzishiwa uchungu huchukua muda, hasa kwa mzazi wa kwanza. Mlango wa kizazi ukiwa bado mgumu na umefunga, hulainishwa kwanza kwa vidonge vya misoprostoli au kwa mpira mdogo unaojazwa maji, ndipo zije dripu ya oksitosini na kupasua chupa. Kutoka kidonge cha kwanza hadi kumshika mtoto inaweza kupita siku nzima, hata mbili. Daktari mmoja ana mwili mmoja. Atakuwa ameona wagonjwa mchana kutwa, na usiku atalala, tena ni haki yake alale. Na usiku huo huo uchungu wa dawa unaweza kuzidi kiasi: ukifika zaidi ya mara tano ndani ya dakika kumi, mtoto hapati nafasi ya kuvuta pumzi kati ya wimbi na wimbi. Ndiyo maana miongozo inasema mama aliyepewa dawa hizi asiachwe peke yake hata kidogo.

Kwa hiyo muulize hivi, kwa maneno haya haya: "Daktari, saa nane usiku mapigo ya mtoto yakishuka chini ya 110, mkunga aliyepo ana ruhusa ya kufunga dripu kabla hajakupigia simu?" Jibu lake litakueleza mengi kuliko vyeti vya ukutani. Mkunga ndiye atakayekaa nawe. Omba umjue, uulize anahudumia wazazi wangapi kwa zamu moja, na mapigo anayasikiliza kila baada ya muda gani. Uchungu ukishakolea, nusu saa isipite bila kusikilizwa, na ukiwa kwenye dripu inapasa iwe mara nyingi zaidi. Halafu uliza mtaalamu wa usingizi analala wapi, damu ya kundi lako inapatikana wapi, na daktari wa pili ni nani ikiwa wa kwanza amekwama kwenye upasuaji mwingine.

Kuhusu misoprostoli, kidonge kilichozoeleka kina mikrogramu 200, na kipimo cha kuanzisha uchungu ni 25. Kukata kidonge vipande vinane kwa wembe si kupima. Uliza kama wanavyo vya 25, au wanayeyusha kwenye maji yaliyopimwa. Na chai ya mizizi ya mama mkwe ibaki nyumbani. Ukiwa umeshakunywa, mwambie mkunga bila aibu, maana dawa mbili za uchungu zikikutana zinaweza kupasua kizazi.

Na wewe msomaji mwingine uliyewahi kujifungua kwa upasuaji, misoprostoli si yako kabisa, na uchungu wa kuanzishiwa usikubali mahali penye daktari mmoja. Nenda hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24.

Daktari mzuri wa peke yake hatakasirika. Wengi wao wameshapanga: wana mwenzao wa zamu, wanajua hospitali ya rufaa na gari litakalokufikisha. Akikujibu "wewe niamini tu", mshukuru, chukua kadi yako na nakala za vipimo, uende kwingine mapema. Nenda na mumeo au dada yako aandike majibu, na namba ya daktari wa pili iwe kwenye simu yake pia.

Na katika siku hizi za kungoja Jumatatu, mtoto akipunguza kucheza, damu ikitoka, maji yakitoka ya kijani, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, usingoje Jumatatu wala usimngoje yeye. Ingia hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji, umpigie ukiwa tayari umelazwa.